Shule Ndogo ya Msituni: Nani Atamlipa Mwalimu?

Ukitazama ramani ya mkoa wa Maniema, utauona mji wa Kindu umekaa kando ya mto Lualaba, mto ule ule ambao ukifika mbele huitwa Kongo. Sasa upandishe kidole chako kuelekea kaskazini, uipite Punia, uvuke mto Lowa, nawe utaingia katika wilaya ya Lubutu, iliyogawanyika sehemu mbili: Bitule na Obokote. Ikweta yenyewe haiko mbali na hapo. Wenyeji wake ni Wakumu, na nchi yao ni msitu: msitu mbele, msitu nyuma, na katikati njia nyekundu yenye vijiji huku na huku, kama shanga katika uzi.

Katika nchi ya namna hiyo mzazi haanzi kuuliza kama shule ni nzuri au mbaya. Huuliza kwanza: iko mbali kiasi gani? Mtu mzima aliyezoea njia za msituni atatembea kilometa kumi bila kunung'unika. Lakini mtoto wa miaka sita, asubuhi na mapema, mvua ya usiku ingali ikidondoka kutoka majanini, kijito kimejaa na daraja lake ni gogo moja lenye utelezi, huyo hawezi. Na mama yake, kama ana akili, hatamruhusu. Basi mtoto hukaa nyumbani mpaka atimize miaka tisa au kumi. Hapo ndipo huanza darasa la kwanza pamoja na wadogo zake, akaona haya kwa urefu wake, na baada ya miaka miwili mitatu huliacha daftari akawafuata kaka zake machimboni, kwenye dhahabu na kasiteriti.

Wasomaji wapendwa, kwa ajili ya mtoto huyo zimezaliwa shule tunazotaka kuzieleza leo. Ni shule ndogo za Kikristu, zisizo za Serikali, ambazo wazazi pamoja na mkatekista na wazee wa kanisa huzisimamisha wenyewe karibu na nyumba zao. Hatutaji shule ya mtu fulani, kwa maana habari zao zafanana sana, ziwe Obokote au Pangi, au ng'ambo ya mpaka wa mkoa huko Walikale na Shabunda. Tena twazieleza sasa kwa sababu shule hizo zimo katika shida, na wazazi wengi hawajui wazishike au waziache.

JINSI INAVYOZALIWA

Huzaliwa bila kelele. Padri hawezi kufika kila Dominika katika kila kigango, hivyo mkatekista ndiye anayewaongoza waamini katika sala. Baada ya sala watu hukaa chini ya mti, na mmoja husema lile ambalo wote wamekwisha kuliwaza: watoto wetu wanapotea. Wiki inayofuata wanaume huenda kukata fito na miti, wanawake huchota maji na kukanyaga udongo, vijana huleta majani mapana ya msituni na kuyafuma yawe paa. Kazi hiyo huitwa salongo, neno ambalo Wakongo walilijua vizuri katika siku za Mobutu, wakati lilipokuwa amri ya chama. Hapa si amri, nayo huenda upesi zaidi.

Viti ni mianzi iliyofungwa kwa kamba, au magogo yaliyopasuliwa. Ubao wa kuandikia ni mbao mbili zilizounganishwa, zikapakwa unga mweusi unaotoka ndani ya betri kuukuu za tochi. Kengele ni rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa penye tawi, hupigwa kwa chuma. Sauti yake hufika mbali kuliko kengele nyingi za shaba tulizozisikia mijini.

Kisha atafutwe mwalimu. Mara nyingi huwa kijana wa pale pale kijijini, aliyekwenda Lubutu au Kisangani kusoma sekondari, akapata diploma ya Serikali, au akafika darasa la nne la sekondari, fedha za babake zikamalizika, akarudi. Yeye hufundisha madarasa mawili katika chumba kimoja: wa darasa la kwanza wakiandika herufi upande wa kushoto, wa darasa la pili huhesabu upande wa kulia. Nyumbani watoto wamezoea Kikumu. Mwalimu huwaanzisha kwa Kiswahili, kimojawapo cha lugha nne za taifa la Kongo, halafu polepole huwapeleka kwenye Kifaransa, maana ndicho watakachoulizwa siku ya mtihani. Kwa hiyo mtoto wa msituni akifikia miaka kumi na miwili amekwisha kubeba lugha tatu kichwani. Mtoto wa Ulaya afanyaye hivyo husifiwa katika magazeti.

WAZEE WETU WALIANZA VIVYO HIVYO

Mtu asifikiri kwamba shule ya fito na udongo ni aibu ya siku hizi. Misioni zote zilianza hapo. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea ngome ya Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, iliyokuwa imejengwa na Waulaya waliotangulia. Hawakukawia kuwakusanya watoto na kuwafundisha, na wengi wa watoto wale walikuwa wamekombolewa utumwani. Katika shule ile ya Mpala alisoma mtoto wa nchi ya Marungu aitwaye Stefano Kaoze. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa, jambo ambalo hakuna Mkongo aliyelifanya kabla yake. Na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo leo yaitwa Kirungu, Askofu Victor Roelens alimpa daraja la upadre. Alikuwa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu.

Tangu mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 baina ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo, misioni zilipewa ardhi ya hektari 100 au 200 kwa sharti la kufungua shule. Kuanzia mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilikubali pia kuzisaidia shule za misioni kwa fedha. Lakini tuseme kweli yote. Fedha ile ilikaa zaidi penye misioni kubwa, penye matofali na bati. Shule nyingi za mafundisho huko vijijini hazikuhesabiwa. Mwalimu wake alikuwa mkatekista, na mshahara wake ulikuwa kipande cha kitambaa, chumvi, na heshima.

Tena Wakumu walikuwa na sababu zao za kuwa na shaka juu ya mambo yaliyoletwa kutoka nje. Wakati wa vita vikuu vya pili walilazimishwa kazi nyingi ngumu, na mwaka 1944 watu wa Lubutu na Masisi waliasi, wakiongozwa na Bushiri wa Kitawala. Uasi ule ulizimwa kwa nguvu. Sisi hatuwezi kuyasifu mafundisho ya Kitawala. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini mzee wa Obokote anapenda shule iliyojengwa kwa mikono yake mwenyewe kuliko ile iliyoletwa kwa barua, akumbuke pia mambo hayo.

Baada ya uhuru wa 1960 yalikuja majaribu mengine. Mwaka 1964 Wasimba waliushika mji wa Kindu tangu Julai hata Novemba, na katika miezi ile kujua kusoma na kuandika kulikuwa hatari. Makarani na walimu waliwindwa kwa sababu ya kalamu zao. Huko kaskazini, katika msitu uo huo mkubwa, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta wa Shirika la Jamaa Takatifu aliuawa mjini Isiro tarehe 1 Desemba 1964, hajatimiza bado miaka 25. Watu wengi wamjua kama mfiadini, kwa kuwa Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya msingi ya Bafwabaka, na kwamba alishika chaki kabla ya kushikwa yeye.

Miaka kumi baadaye, tarehe 30 Desemba 1974, Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule zote za makanisa, na somo la dini likafukuzwa darasani. Haikupita hata miaka mitatu, shule zikaharibika, Serikali ikarudi kubisha hodi. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yalitiwa sahihi: Serikali ndiyo yenye shule na ndiyo ilipayo walimu, Kanisa ndilo liongozalo. Hizo ndizo zinazoitwa shule za mapatano, nazo mpaka leo ni sehemu kubwa ya shule za Kongo.

Kumbe mapatano ni kitu kimoja na mshahara ni kitu kingine! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina ya nchi ilikauka, walimu wakagoma, mwaka mzima wa masomo ukapotea mahali pengi. Ndipo maaskofu na wazazi walipopatana kwamba wazazi wenyewe wawatunze walimu kwa kitu kidogo, mpaka Serikali itakapopata nguvu. Kitu kile kidogo kiliitwa primu. Kilipaswa kudumu kwa muda mfupi. Kilidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano, kikakua, kikazaa watoto: primu ya mwalimu, primu ya ofisi, fedha ya hiki na fedha ya kile. Watoto waliokosa kulipa walirudishwa nyumbani katikati ya somo.

Jambo hili twalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililowafundisha wazazi wa vijijini hesabu moja ya ajabu: ikiwa shule ya Serikali nami naigharimia, basi afadhali nigharimie shule iliyo karibu na nyumba yangu, ninayemjua mwalimu wake na baba yake. Katika hesabu hiyo shule nyingi ndogo zilizaliwa.

SHERIA YASEMAJE?

Kuna watu wanaosema kwamba shule isiyo ya Serikali ni shule ya wizi. Wamekosea. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, yasema waziwazi kwamba elimu ya taifa ina shule za umma na shule za watu binafsi zilizokubaliwa, na kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Hilo nalo si neno geni kwetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba Serikali haina budi kuilinda haki hiyo.

Lakini tulitazame lile neno "zilizokubaliwa". Shule haiwi shule mbele ya sheria kwa sababu imebarikiwa na padri au mchungaji. Yapaswa kupeleka maombi, kukaguliwa, kuonyesha majengo yake na walimu wake na vyeti vyao, na mwishowe kupata hati ya Waziri. Isipokuwa na hati hiyo, watoto wa darasa la sita hawawezi kufanya mtihani wa taifa kwa jina la shule yao. Itabidi waandikwe katika shule nyingine kama wageni. Twajua jinsi jambo hilo linavyofanyika: jioni moja ya mwezi wa nne mwalimu hutembea mpaka shule kubwa ya jirani, amebeba kuku na orodha ya majina. Wakati mwingine mkuu wa shule ile ni mtu mwema. Wakati mwingine kuku hamtoshi.

Kifungu kile kile cha 43 kina maneno mengine, na hayo ndiyo yaliyoleta tufani: elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure, katika shule za umma. Maneno hayo yalilala katika kitabu miaka kumi na mitatu. Septemba 2019 Serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kuyatekeleza, na primu zikakatazwa katika shule za msingi za umma, pamoja na zile za mapatano.

Sisi tulifurahi, na twasema bado kwamba ni jambo la haki. Baba mwenye watoto saba na shamba moja la mpunga hakuwa na sababu ya kuchagua ni nani kati ya saba hao atakayejua kusoma. Watoto walikuja kwa wingi sana. Madarasa yakafurika, wengine wakakaa chini. Walimu ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya malipo huko Kinshasa, nao walikuwa wengi, walijikuta hawana primu wala mshahara.

Na shule ndogo ya kigango, isiyo ya umma? Hiyo haikuguswa na sheria, ila iliguswa na hesabu. Mzazi husimama njia panda: huku kuna shule ya bure, kilometa nane, watoto tisini katika chumba, huku kuna shule ya karibu, watoto ishirini na watano, lakini kila mwisho wa mwezi atadaiwa. Na kabla hajaamua, Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mwalimu wa Serikali aliye katika orodha aliendelea kungojea mshahara wake. Mwalimu wa shule ndogo hakuwa na cha kungojea, kwa maana mshahara wake ni watoto waliokaa mbele yake. Baadhi yao walikwenda machimboni, na si wote waliorudi darasani.

TUHESABU PAMOJA

Wanafunzi wanaotusoma wachukue kalamu. Tuseme shule ina watoto 80, madarasa sita, walimu watatu. Hii si hesabu ya shule fulani, ni mfano tu, lakini anayeijua nchi ataona si mfano wa uongo. Tuseme kila mtoto hulipa faranga 5,000 kwa mwezi. 80 mara 5,000 ni 400,000. Mzee wa kamati akisikia hesabu hiyo hutabasamu.

Sasa tutoe. Theluthi moja ya wazazi hawatalipa mwezi huu: mmoja amefiwa, mmoja mpunga wake bado shambani, mmoja ana fedha lakini ameificha. Wabaki 53, yaani 265,000. Kila mwalimu apewe 80,000, jumla 240,000. Zabaki 25,000 kwa chaki, daftari la mahudhurio, dawa ya kidonda, na safari ya kwenda kwa mkaguzi. Paa la majani litaka kubadilishwa baada ya miaka michache. Nalo litalipwa na nani?

Kisha waondoke watoto kumi tu kwenda shule ya bure, na wote kumi wawe wale waliokuwa wakilipa. Zabaki 43, yaani 215,000. Mwalimu mmoja hapati haki yake, au wote watatu wanakatwa. Ndivyo shule ndogo inavyokufa. Haifi kwa tangazo. Mwalimu wa kwanza huondoka mwezi wa Februari, wa pili hufundisha madarasa manne, halafu rimu haipigwi tena.

Kwa sababu hiyo wazazi wenye busara huhesabu pia vitu visivyo faranga. Maniema ni nchi ya mpunga na mawese. Mzazi asiye na fedha aweza kuleta kikapu cha mpunga wakati wa mavuno, chupa ya mawese, mkungu wa ndizi, au siku mbili za kazi katika shamba la mwalimu. Malipo ya namna hiyo ni mazuri, ila yaandikwe katika daftari mbele ya watu, kwa kipimo kimoja. Yasipoandikwa, huyu atasema nilileta vikapu vitatu, yule atasema nilikiona kimoja, na ugomvi wa kikapu huvunja shule upesi kuliko vita. Na jambo moja tusilifiche: wanaofanya kazi katika shamba la mwalimu wawe wazazi, wasiwe watoto saa za masomo. Desturi hiyo ya kuwapeleka wanafunzi kupalilia mihogo ya mwalimu na kuiita "kazi za mikono" tumeiona mahali pengi, nayo ni mbaya.

KUNA NINI CHA KIKRISTU NDANI YAKE?

Swali hili ni kali, na watu hawapendi kuulizwa. Shule nyingi hubandika jina la mtakatifu mlangoni, husali Baba Yetu asubuhi, kisha siku ya tano ya mwezi humtoa nje mtoto wa mjane kwa sababu ya faranga. Je, mtakatifu huyo aliyeandikwa mlangoni angefanya hivyo? Kama shule ni duka, iitwe duka, ilipe kodi ya duka.

Lakini tumwonee huruma pia yule mwenye kamati. Akimwacha mtoto wa mjane bure, kesho watakuja wengine kumi wasio na ujane wowote. Twajua mahali ambapo kigango kimekata shauri hivi: sadaka ya Dominika moja kwa mwezi huwekwa kando kwa ajili ya watoto wawili watatu ambao jumuiya yenyewe inawajua kuwa hawana mtu. Si mwalimu anayewachagua, wala si mwenyekiti. Akina mama ndio wanaochagua, kwa maana wao hawadanganyiki juu ya nani hana nini. Sadaka ile mara nyingi ni ndogo mno, ila mtoto hukaa darasani.

Tena Ukristu wa shule waonekana katika fimbo. Mwalimu mwenye darasa la watoto ishirini na watano hana sababu ya kuwapiga kama yule mwenye tisini, ambaye amechoka na amekasirika tangu saa mbili asubuhi. Waonekana pia katika wasichana. Hesabuni wasichana waliomo darasa la kwanza, kisha hesabuni waliomo darasa la sita. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo sifa au aibu ya shule, kuliko idadi ya sala. Na mtoto wa Kiislamu au wa Kiprotestanti wa kijiji kile akubaliwe bila masharti ya ujanja, kama wazee wa Maniema walivyozoea kuishi pamoja, huyu akienda msikitini na yule kanisani, wakikutana jioni penye msiba mmoja.

WAFANYE NINI WAZAZI?

Hatuwezi kuwaambia watu wote neno moja. Ikiwa shule ya umma iko karibu, ina walimu wanaolipwa, na mtoto aweza kuifikia kwa miguu yake, sisi twaona afadhali shule ndogo ijifunge yenyewe kwa heshima, na wale wazee waliokuwa wakiiendesha waingie katika kamati ya wazazi ya ile kubwa. Huko wanahitajiwa sana. Kushindana kwa ajili ya jina tu ni kupoteza mpunga wa watu.

Lakini ikiwa hakuna shule nyingine ila mbali, basi shule ndogo isife. Nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta ile hati ya kukubaliwa, kwa subira, karatasi kwa karatasi, bila kumpa mtu bahasha. Ya pili ni kwenda kwa ofisi ya shule za Kikatoliki ya jimbo na kuomba shule iingizwe katika mapatano, iwe ya umma. Njia hii ya pili yaonekana tamu, kwa kuwa mwishowe Serikali ndiyo italipa. Ila wazazi wajue mapema: toka siku ya kuingizwa mpaka siku jina la mwalimu litakapoonekana katika orodha ya malipo, yaweza kupita miaka, na katika miaka hiyo hairuhusiwi kuwatoza wazazi. Wako walimu wa Kongo walioanza kufundisha wakiwa vijana, wakaoa, wakazaa, na bado wanaitwa "wapya". Hata wale walioandikwa, kwa muda mrefu mshahara wao uliwafikia kwa shida katika nchi isiyo na benki. Kwa miaka kadhaa Caritas ya Kongo ilikabidhiwa kazi ya kuwapelekea fedha walimu wa mahali palipo mbali.

Kwa hiyo kabla ya mikutano ya Agosti, kila mzazi aulize kamati yake mambo matatu. Hati yetu iko wapi? Watoto wa darasa la sita waliandikwa mtihani kwa jina la shule gani? Na mwalimu anadai miezi mingapi? Kamati isiyoweza kujibu swali la tatu mbele ya mwalimu mwenyewe haifai kupewa fedha za mwaka mwingine.

Baadaye huja Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ikiwa salongo ya paa imefanyika, watoto watakaa pakavu. Mwalimu atachukua chuma chake, atapiga rimu mara tatu, na kungojea. Wanatoka njia za msituni wawili wawili, miguu imelowa umande, wengine wamebeba viti vyao kichwani. Atawahesabu. Kisha, kama afanyavyo kila mwaka, atawaacha waimbe kidogo, huku akiitazama njia, na baada ya nusu saa atawahesabu tena.